Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasimamizi wa Kurasa za Chapa

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: semina mbili, mafunzo ya kupiga video kwa simu, vikao vinne vya kamati. Zote zilifanyika, na semina zote mbili nilizisimamia mwenyewe tangu maandalizi hadi kufunga ukumbi.

Naomba niende kwenye jambo lililosemwa sana pembeni na kidogo sana kikaoni, yaani kufungwa kwa kundi letu la kulaikiana, ambamo tulikuwa tukipeana laiki kwenye posti za chapa zetu mitandaoni. Imesemwa kuwa Mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Ajenda ilitumwa, mkutano ukaitishwa, akidi ikakosekana, kamati ikatumia mamlaka yake. Walioninunia ndio hao hao ambao hawakutokea.

Sababu ni hizi. Kila asubuhi mwanachama alitupia kiungo cha posti ya chapa yake, wenzake wakalaiki na kuandika "Safi sana" pamoja na emoji tatu za moto. Nilichambua posti moja ya sabuni. Ilikuwa na maoni 40, na 38 yalikuwa yetu wenyewe. Kati ya mawili yaliyobaki, moja lilikuwa la mama aliyeuliza kama sabuni ile inamfaa mtoto mwenye ngozi kavu. Hakujibiwa hadi leo. Mteja anabisha hodi, sisi ndani tunapigiana makofi!

Tena ukilaikiwa na wasimamizi wa kurasa, mtandao nao unaendelea kuwapelekea posti zako wasimamizi wa kurasa, na wanunuzi hawazioni. Desemba 2017 Facebook ilitangaza kuwa itazipunguzia mwonekano posti zinazoombaomba laiki na tagi. Novemba 2018 Instagram ikatangaza kuanza kuondoa laiki na wafuasi wa bandia wanaotokana na programu za nje. Sikuyatunga mimi hayo.

Wapo wanaodai kuwa bila namba za laiki bosi haelewi. Basi mpelekeeni namba zenye maana. Kwenye LEGO Ideas, tovuti ya kampuni ya vitu vya kuchezea ya LEGO, shabiki huweka ubunifu wake wa seti mpya. Ukifikisha kura 10,000 kampuni huujadili, na ukiingia sokoni mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Mtu wa namna hiyo huwatafuta wapiga kura mwenyewe, habembelezwi na yeyote. Na Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, ilipobadili nembo Oktoba 2010, wateja walikuja juu mitandaoni, ikairudisha ya zamani baada ya takriban wiki moja. Kelele zile ziliumiza, lakini zilikuwa za watu wanaoijali chapa, na kampuni ilisikia. Kwa "Safi sana" zetu ingesikia nini?

Ndugu mmoja alinijibu kwa kejeli kwamba basi tutoke mitandaoni kabisa, kama Lush, kampuni ya vipodozi ya Uingereza, walivyozifunga kurasa zao za Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat Novemba 2021. Lush walitaja athari za mitandao kwa afya ya akili ya watumiaji. Sisi tumefunga kundi moja tu.

Kuhusu mahudhurio na ada, inasikitisha. Wanachama 86, waliolipa ada 31, waliohudhuria mkutano wa katikati ya mwaka 14, wawili wakiondoka kabla ya ajenda ya tatu. Kundi la kulaikiana lilikuwa na watu 79. Mhazini amekumbusha mpaka amechoka, nami nimepiga simu binafsi ambazo hazikupokelewa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuwa na mwongozo wa kujibu maoni ya wateja, na pengine mafunzo ya kushughulikia malalamiko bila kuyafuta. Tutaangalia pia uwezekano wa kubadilishana uzoefu na vyama vingine.

Wanaotaka kundi lifunguliwe upya walete maombi kwa maandishi kwa Katibu, yakiambatana na stakabadhi ya ada ya mwaka huu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti