Rekodi za polisi zifutwe mtu akiachiwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sipingi polisi kuweka rekodi kwenye kompyuta, maana faili la karatasi linaliwa na mchwa au linapotea tu, ila jina likishaingia kule kulitoa ni kazi kwelikweli. Mtu kakamatwa kimakosa, kaachiwa, miaka kumi baadaye anaomba kazi, wanabonyeza jina lake kwenye skrini linatokea neno moja, "alikamatwa", basi, hakuna mstari unaosema aliachiwa! Inauma jamani. Uingereza walikuwa wanatunza hadi DNA za watu ambao hawakukutwa na hatia, mpaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema hapana. Kila rekodi iwekewe tarehe ya kufutwa, na askari anayeifungua jina lake libaki humo.