Ukitazama Hoover, hesabu siku za mrushaji

Birmingham, Alabama

Kwako Mwalimu, rafiki yangu,

Salamu nyingi, na unisalimie nyumbani pamoja na vijana wako wa uwanjani. Barua nimeipata. Unauliza inakuwaje timu ya chuo inafungwa kwenye mashindano ya kumalizia msimu, na mrushaji wake (yule anayemrushia mpigaji mpira) hodari kuliko wote amekaa benchi na koti lake begani. Jibu ni hesabu ya siku, na pa kuiona vizuri ni hapa jirani, Hoover, yanakochezwa mashindano ya besiboli ya konferensi ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, kila mwishoni mwa Mei. Uwanja huo, Hoover Met, ndio aliouchezea Michael Jordan mwaka 1994 alipoacha kikapu akajaribu besiboli.

Mashindano yapo hapo mfululizo tangu 1998, isipokuwa 2020 yalipofutwa kwa sababu ya korona. Zamani zilikuja timu 12, na sehemu kubwa ya ratiba ilikuwa mpaka ufungwe mara mbili ndipo utoke. Mwaka 2025, baada ya vyuo vya Texas na Oklahoma kujiunga, zikaingia timu zote 16, mechi 15, mtoano mtupu: ukifungwa mara moja tu, unatoka. Walioshika nafasi ya 9 hadi 16 huanza Jumanne. Wa 5 hadi 8 huwasubiri Jumatano. Wanne wa juu hawagusi mpira mpaka robo fainali, Alhamisi au Ijumaa. Nusu fainali ni Jumamosi, fainali Jumapili.

Sasa shika kalamu. Msimu wa kawaida humalizika kwa mechi za Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi za wiki iliyotangulia. Tuseme mrushaji namba moja amerusha mipira 100 Alhamisi hiyo. Ikifika Jumanne ana siku 4 tu za kupumzika, wakati msimu mzima amezoea kurusha mara moja kwa wiki. Kwa hiyo timu ya Jumanne humwanzisha mrushaji wa nne, na ikitaka kombe lazima ishinde mechi 5 ndani ya siku 6. Mechi kamili hula mirusho kama 150 kwa timu moja. Mirusho 750 itatoka kwenye mikono ya nani? Wanne wa juu wanahitaji mechi 3 tu, na anayecheza robo fainali Ijumaa anaweza kumwanzisha namba moja wake akiwa amepumzika wiki nzima. Ijumaa inayofuata, mechi za kanda za NCAA, yaani raundi ya kwanza ya kuwania ubingwa wa vyuo wa taifa, zinapoanza, zamu yake inakuwa imefika tena bila kusukumwa. Ukimtumia Jumamosi au Jumapili, hesabu hiyo inavurugika.

Hapo ndipo makocha wanapotofautiana, na mimi niko upande wa wanaomweka benchi. Timu yenye uhakika wa kuwa miongoni mwa 64 za NCAA haina sababu ya kumchosha mtu wake hapa. Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, walitolewa Hoover siku ya kwanza mwaka 2022, wakaponea chupuchupu kuchaguliwa, kisha wakaenda Omaha, kwenye fainali za NCAA, wakachukua ubingwa wa taifa. Vanderbilt walitwaa kombe la Hoover 2025 kwa kuwafunga hao hao Ole Miss 3-2, wakapewa nafasi ya kwanza kitaifa, na wiki iliyofuata wakatolewa kwenye kanda waliyoiandaa wenyewe. Sisemi kombe linaleta nuksi: Tennessee walichukua yote mawili 2024. Lakini kwa konferensi ndogo mambo ni mengine kabisa. Huko mara nyingi bingwa peke yake ndiye anayepata tiketi, kwa hiyo kocha anamtumia kila mwenye mkono wa kurusha.

Unapotazama, usimwangalie mpigaji tu. Angalia bulpeni, pale warushaji wa akiba wanapopasha mwili. Anayeinuka, akarusha mipira 20, akakaa, akainuka tena, ametumia mkono wake hata kama hajaingia mchezoni, na mirusho hiyo haimo kwenye takwimu. Halafu mtazame aliye kilimani, yaani anayerusha. Akichoka, mpira wa kasi huanza kubaki juu badala ya kukata chini ya goti, kiwiko hushuka, naye hukawia kati ya mrusho na mrusho. Zamu moja ya wapinzani kupiga ikimla mirusho 30 humuumiza kuliko zamu tatu za mirusho 12 kila moja, kwa sababu hapati pumzi katikati. Kocha makini humtoa hapo hata kama anaongoza.

Mvua za radi za Mei nazo huvuruga mipango. Radi ikipiga karibu, wachezaji huondolewa uwanjani, na kila radi mpya huanzisha upya kusubiri kwa dakika 30. Mrushaji aliyekaa saa nzima mwili ukapoa, asirudishwe. Ndiyo maana makocha hupenda sana sheria ya pointi 10: ukiongoza kwa tofauti hiyo baada ya zamu 7, mechi imekwisha, na warushaji wawili wa akiba mikono yao imebaki mizima.

Siku ya mechi nne, ya kwanza huanza saa 3:30 asubuhi ya huku, yaani saa 11:30 jioni kwenu. Ya mwisho itakukuta alfajiri, saa 10 au zaidi.

Vijana wako wasiige hiyo mirusho 100. Kwa miaka 11 na 12 kikomo ni 85 kwa siku. Akirusha 21 hadi 35 apumzike siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, 66 na kuendelea siku 4. Mpe mtu mmoja daftari, asifanye kazi nyingine yoyote ila kuhesabu, na anayetoka kurusha usimpeleke kudaka siku hiyo hiyo, maana mdakaji naye hurusha mpira kila mara.

Niandikie una warushaji wangapi na umri wao, pamoja na ratiba yenu ya Juni, nikupangie zamu zao.

Wako,
rafiki yako wa Alabama