Karantini ilikatwa kwenye mshahara wangu

Ndugu Mhariri,

Kila zinapoandikwa habari za mabinti wetu wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani, husemwa mshahara mdogo, kukosa mapumziko na pasipoti kufungiwa kabatini. Yote ni kweli. Naomba nafasi niongeze jambo moja ambalo sijaliona kwenye mkataba wowote niliowahi kuushika: masharti ya kuingia nchini yakibadilika ukiwa umeshaweka saini, gharama anabeba nani?

Nilitua Muscat Februari 2021, siku nne baada ya Oman, kwa sababu ya korona, kuamuru kila anayeingia akae karantini hotelini siku saba kwa gharama zake. Mkataba niliousaini Tanga miezi mitatu nyuma ulisema riyali 80 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Hoteli haikutajwa, nani angeiwaza? Uwanjani nilipimwa puani, nikavishwa bangili ya kufuatilia nilipo, ambayo haivuliwi hata kuoga, nikapelekwa chumbani. Wiki nzima sikuona mtu, ila mkono ulioacha mfuko wa chakula mlangoni. Wali, kuku, chupa ya maji, na chungwa ambalo nililiweka dirishani ili nami niwe na kitu cha kutazama. Nilikuwa nikiigeuza ile bangili nikidhani nimeshukiwa mimi tu, kumbe hata Waomani waliorudi kwao walivishwa.

Siku ya nane nikapimwa tena, nikawa mzima, kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, akaja kunichukua. Njiani alikuwa mpole, akaninunulia hata juisi. Mwisho wa mwezi nikapewa riyali 60. Hoteli ilikuwa riyali 25 kwa usiku, mara saba ni 175. Alinikata ishirini ishirini miezi minane, na mwezi wa tisa kumi na tano. Simwiti mwizi. Naye alitoa pesa ambayo hakuipangia, na karatasi ya kumzuia asinikate haikuwapo. Karatasi hiyo ndiyo ninayoidai.

Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja kwa wakala wa ajira kabla ya safari alikuwa na tiketi ya wiki iliyofuata. Tarehe 25 Februari Oman ikawazuia wanaotoka nchi kumi, Tanzania ikiwamo. Waliosamehewa ni raia wao, wanadiplomasia, na wahudumu wa afya pamoja na familia zao. Yeye alikuwa anakwenda kumtunza bibi aliyepooza: kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumpa dawa kwa saa. Kwa lugha ya viza hiyo ni kazi ya ndani, si afya. Viza ikamfia mkononi, hela ya vipimo na ya wakala haikurudi. Kuipata aliuza cherehani yake.

Wala tusijifanye kwamba marufuku ile ilidondoka tu kutoka juu. Takwimu zetu za korona zilisimama mwaka 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Februari ile ile ya 2021 waziri wa afya wa Oman akasema asilimia 18 ya abiria waliotoka Tanzania walikutwa na virusi. Sisi tuliacha kuhesabu, wenzetu wakatuhesabu uwanjani kwao, na walioumia ni wenye viza za vibarua.

Canada ilipofunga mipaka Machi 2020, wafanyakazi wa muda kutoka nje waliruhusiwa kuingia, na mwajiri akatakiwa awalipe mshahara kwa siku zote 14 za karantini, walau saa 30 kwa wiki. Sisemi kulikuwa peponi. Mashambani Ontario waliambukizana kwenye mabweni, na vibarua watatu wa Mexico walikufa mwaka ule. Lakini swali la nani alipe lilikuwa limejibiwa kwa maandishi, kibarua hakuachiwa abembelezane na bosi wake.

Ombi langu kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira huku Bara, na kwa Kamisheni ya Kazi huko Zanzibar, ni kifungu kimoja tu. Kiseme karantini na vipimo vya kuingilia ni juu ya mwajiri na siku zake zihesabiwe za kazi, na safari ikizuiwa na serikali yoyote, wakala arudishe fedha ya watu. Tusingoje korona nyingine. Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, imezuka Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na mara zote mbili nilishika simu nikisubiri kusikia viwanja gani vimetufungia.

Juzi binti wa jirani aliniletea mkataba wake nimsomee kabla hajasaini. Kurasa tatu, zimepigwa mhuri vizuri. Nimezisoma mara mbili. Neno karantini halimo.

Jina langu naomba ulihifadhi.

Mfanyakazi wa ndani wa zamani,
Chumbageni, Tanga