Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Tuwezesheni kusubiri miti ikomae

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mufindi, mkoani Iringa. Mwaka ambao mwanangu wa kwanza alipata nafasi ya chuo, niliuza ekari mbili za paini zenye umri wa miaka tisa. Mnunuzi alizunguka shamba, akakadiria kwa macho, akataja bei. Hakupima kipenyo cha mti hata mmoja. Akaleta mashine yake ya dingidongi, wakapasua mbao palepale, na baada ya siku nne vilibaki visiki. Nilijua fika kwamba miti ile ilihitaji miaka mingine tisa. Lakini chuo kilitaka ada mwezi uleule.

Kwenye mikutano tunaambiwa sisi wakulima wadogo tunaharibu soko kwa kuvuna miti michanga, na kwamba dawa ni kutukataza. Kuhusu ubora sibishi. Paini ya miaka tisa bado ni laini. Mbao yake ikikauka hupinda, na mafundo yamejaa. Fundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam, anayeikataa ana haki.

Ila Shamba la Miti Sao Hill la Serikali, ambalo majaribio yake ya upandaji yalianza 1939, liko hapahapa kwetu. Kule miti hupogolewa, hupunguzwa ili isibanane, kisha huachwa ikomae, kwa sababu Serikali haina mtoto wa kulipia ada. Mimi ninaye. Na nikisubiri, sokoni mbao ya inchi mbili kwa nne inauzwa kwa kipande, iwe ya mti wa miaka tisa au ishirini. Hati ya kusafirisha mazao ya misitu haiulizi umri wa mti. Kenya ilipofunga uvunaji katika misitu yake ya umma kuanzia Februari 2018 hadi 2023, wanunuzi wa soko la huko walitufuata huku, nao walichukua chochote kilichosimama. Uamuzi wa serikali ya jirani ulifika mpaka kwenye vishamba vyetu. Wa kwetu hauwezi kushindwa kufika.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. Mbao zipangwe madaraja na kugongwa muhuri pale zinapokatiwa hati ya kusafirishwa, ili mti uliokomaa ulipe zaidi. La pili ndilo kubwa kwangu: mti uliosimama utambuliwe kuwa mali ya kukopea. Ninayo hati ya hakimiliki ya kimila, iliyotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Niliipeleka benki. Ofisa aliniambia kwamba miti hawaihesabu, kwani inaweza kuungua usiku mmoja. Hakusema uongo, kila kiangazi tunalala na harufu ya moshi. Basi Wizara ikae na benki na kampuni za bima, iweke sharti la barabara za kuzuia moto zinazosafishwa na kukaguliwa kila mwaka, na mkulima anayelitimiza akopesheke. Mkopo wa ada peke yake ungeniachia zile ekari mbili.

Nimezipanda upya, safari hii kwa mbegu bora. Miti ina miaka minne sasa. Mwanangu wa pili yuko kidato cha tatu. Akifika chuo, itakuwa na minane.

Ni mimi,
Mkulima wa miti, Mufindi