Mwanangu hakuwa ametulia

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki jana kuhusu watoto wenye saratani iliishia pale daktari anapovua glovu. Mliandika kwamba upasuaji umefaulu, mkapiga picha, mkaenda zenu. Usiku unaofuata tunaujua sisi wazazi. Nimenyamaza miaka 6, leo nimeshindwa.

Mwanangu alikuwa na miaka 4 alipotolewa figo moja yenye uvimbe. Usiku wa pili ulikuwa wa Jumamosi, na alishaanza kunywa maji. Alilala chali, macho kodo, ameshika upindo wa kanga yangu. Nikijisogeza kidogo tu anakunja uso bila kutoa sauti. Nikamwita sista. "Mama, mbona ametulia, halii." Akaandika hivyo kwenye faili. Mtoto aliyepasuliwa tumbo atalia vipi, ilhali kulia kunavuta palepale penye kidonda? Nikaomba mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Akasema ile ni dawa ya wanaokufa, na daktari wa kuiandika hayupo mpaka Jumatatu. Akampa Panadol ya maji. Adhana ya alfajiri ilinikuta nampepea kwa daftari la kliniki, na ule upindo hajauachia.

Dawa ya wanaokufa! Mofini ya maji inatengenezwa hapahapa Kampala, Makindye, na mgonjwa hupewa bure. Tangu 2004 sheria yetu inamruhusu nesi aliyesomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kuiandika bila kumsubiri daktari, na nchi nyingine zimekuja kujifunza kwetu. Inakuwaje watoto wetu wenyewe wakeshe na maumivu?

Na hili la kutolewa nje asubuhi pia likome. Tunalala sakafuni chini ya kitanda, tukijua mtoto alishtuka saa ngapi na alitapika mara ngapi, halafu madaktari wakianza kuzunguka askari anatufukuza na mikeka yetu. Wanasoma "ametulia" na kupita.

Kila wodi ya upasuaji wa watoto iwe na nesi mmoja mwenye ruhusa ya kuandika mofini, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Mtoto aliyeandikiwa mofini apewe kila baada ya saa 4, usiku na mchana, isingojwe alie kwanza. Saa ya ukutani nitanunua mimi. Ile ya wodi yetu ilikuwa imesimama kwenye saa tisa kasorobo.

Mama wa watoto watatu,
Bombo