Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: miche ya michikichi ipimwe kabla ya kuuzwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bukavu. Mawese yetu hapa mjini hutoka Fizi, Mwenga na Shabunda, na huko wakulima wanauziwa miche wasiyojua itazaa nini.

Kiini cha tatizo ni jeni (kipande cha urithi) moja, SHELL, inayoamua unene wa gamba la kokwa. Mchikichi wenye nakala mbili nzima za jeni hiyo ni dura: gamba nene, nyama ya tunda yenye mafuta haba. Wenye nakala mbili zenye hitilafu ni pisifera: gamba halipo, lakini kwa kawaida mashada yake huoza kabla ya kukomaa. Ukizalisha dura kwa pisifera, miche yote huwa tenera, yenye nakala moja ya kila aina, ya gamba jembamba na nyama nyingi, na mafuta yake huzidi ya dura kwa takriban asilimia 30. Urithi huu ulielezwa kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Yangambi, katika nchi yetu hii ya Kongo, na watafiti Beirnaert na Vanderweyen mwaka 1941. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2013, na sifa zikaenda Malaysia na Marekani. Inaniuma kuona mkulima wa nchi ya Yangambi bado anaokota kokwa chini ya mti.

Maana kokwa za kuokota hudanganya. Tenera ikichavushwa na tenera, nusu tu ya miche ndiyo tenera. Robo ni dura, na robo ni pisifera. Katika miche 100, kama 25, yaani hizo pisifera, haitajaza hata dumu. Na hilo halionekani mpaka miaka mitatu au minne ipite. Mjomba wangu kule Fizi alilipia miche aliyoambiwa ni bora, akaipalilia na kuilinda na mbuzi; leo baadhi ya miti hiyo inatoa mashada yanayoozea juu. Nani atamrudishia miaka yake?

Zipo jeni nyingine. WRI1, kwa mfano, huamsha vimeng'enya vinavyotengeneza asidi za mafuta. Katika nyama ya chikichi hufanya kazi kwa nguvu kubwa kuliko katika tende, ambayo hujaza sukari. Hizo tuwaachie watafiti kwa sasa. SHELL inapimika leo, kwa kipande cha jani, mche ungali kitaluni.

Kwa hiyo naomba SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, imdai kila muuza miche aonyeshe mbegu zake zimetoka wapi. Naomba INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kituo chake cha Yangambi, iwezeshwe kuzalisha mbegu za dura kwa pisifera, na zifike huku mashariki, zisiishie njiani. Na kituo cha INERA Mulungu, hapa jirani Kabare, kipewe vifaa vya kupima majani, ili vitalu vya Fizi visilazimike kuyapeleka mbali.

Mvua za Septemba ndizo za kupanda. Agizo kwa SENASEM linaweza kutangulia, vifaa vifuate.

Kwa heshima,
Mwananchi wa Bukavu