Mwanangu, usiitupe dawa siku ya tatu

Mwanangu,

Unasema seli zako za MV4-11, zile za lukemia (saratani ya damu) zinazokuzwa maabara, zina siku tatu ndani ya dawa ya kuzuia kimeng'enya DOT1L, zinagawanyika kama kawaida, na sasa unashuku dawa imeharibika. Iache kwanza. Siku tatu ni mapema mno, na sababu iko kwenye kimeng'enya chenyewe.

DOT1L hubandika methili, alama ndogo ya kikemia, kwenye H3, mojawapo ya histoni (protini ambazo DNA huzungushwa juu yake), kwenye asidi amino ya lisini ya 79 (K79). Vimeng'enya vingi vya aina yake hushughulika na mikia ya histoni inayoning'inia nje. Huyu hufanya kazi kwenye mwili wa histoni wenyewe. Alama yake huonekana zaidi juu ya jeni zinazosomwa. HOXA9 na MEIS1, kwa mfano, husomwa katika seli changa za uboho, kisha huzimwa seli inapokomaa.

Katika seli zako kromosomu ya 11 imekatika kwenye jeni ya MLL (siku hizi huandikwa KMT2A) na kuungwa na jeni ya AF4 ya kromosomu ya 4. MLL inajua njia ya kwenda HOXA9. AF4, kama AF9 na ENL, ni ya kundi la protini linaloandamana na DOT1L. Basi protini hii ya kuunganishwa hufika kwenye jeni na mpakaji wake, yaani DOT1L, alama hupakwa kupita kiasi, jeni haizimwi, na seli hubaki changa ikigawanyika tu. Wengi wa watoto wanaopata lukemia kabla ya kutimiza mwaka wana mvunjiko wa jeni ya MLL.

Sasa fikiria hina kwenye kucha. Ukimzuia mpakaji leo, hina iliyokwishapakwa haibanduki. Inasogea tu kadiri kucha inavyokua. Dawa yako humzuia mpakaji, haifuti kitu. Alama hupungua hasa pale seli inapogawanyika na kutia histoni mpya zisizo na methili. Kama seli hugawanyika kila baada ya siku mbili hivi, siku ya nne bado umebaki na karibu robo ya alama. Baada ya hapo HOXA9 na MEIS1 ndizo hushuka, kisha protini zake, na mwisho kabisa ndipo seli hulegea. Kazi iliyochapishwa mwaka 2011 kuhusu EPZ004777, dawa ya kuzuia DOT1L, ilifuata mpangilio huo huo.

Kwa hiyo panga siku 14. Anza na seli 200,000 kwa mililita, dawa mikromola 1, na chupa ya pili isiyo na dawa, yenye DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa) kiasi kile kile, isizidi asilimia 0.1. Kila siku ya tatu au ya nne hesabu, rudisha chupa zote kwenye 200,000, na utie dawa upya kwenye chakula kipya. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabadilisha chakula na kusahau dawa, mpakaji anarudi kazini. Kosa la pili ni kuacha seli zisongamane hadi zife kwa njaa, kisha kifo hicho kikaandikwa kuwa cha dawa. Unapochora mkunjo wa ukuaji, zidisha hesabu kwa kiwango ulichopunguza seli kila mara, la sivyo utaona mstari bapa usio na maana.

Weka pia HL-60, seli nyingine za lukemia ambazo MLL yao ni nzima. Alama ya K79 itashuka humo pia, lakini zitaendelea kukua. Bila hizo huna namna ya kuonyesha kwamba dawa si sumu tu.

Siku ya sita pima alama kwa bloti, kipimo cha protini kwa kingamwili: toa histoni kwa asidi, jeli ya asilimia 15, utando wenye matundu ya mikroni 0.2, kwa sababu H3 ni ndogo na hupenya ule wa 0.45. Kingamwili ya H3 yote, yenye alama na isiyo nayo, lazima iwepo kando ya ile ya K79 yenye methili mbili.

Uliuliza kama wagonjwa hupewa dawa hii. Pinometostat, dawa ya kuzuia DOT1L, ilijaribiwa kwa dripu mfululizo usiku na mchana, maana hudumu mwilini muda mfupi; kati ya watu wazima 51, wawili walipona kwa ukamilifu kwa muda. Ni kidogo. Iliyofika mbali ni revumenib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2024. Yenyewe haimgusi DOT1L, humtenganisha MLL na menini, protini anayoshikamana nayo.

Nitumie picha ya bloti ya siku ya sita, na ile ya H3 yote usiikate.

Baba yako